Risiti Nyeusi: Mgeni wa Koti la Mkia

Nilikuwa nimeilaza cherehani ya jirani yangu Yadira chali, tumbo wazi, bisibisi nimeibana kwa meno, kivuli kirefu kilipoingia mlangoni na kutua juu ya meza yangu ya kazi.

Niliinua macho. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye koti jeusi la mkia, glavu nyeupe, na kofia ndefu kama sufuria ya supu. Mkononi alishika mkoba, na ubavuni mwa mkoba kulikuwa na maandishi makubwa ya manjano: MDAIWA SUGU.

Mjini kwetu Sincelejo, Alhamisi, saa nne asubuhi, lami inalainika barabarani. Na mtu amevaa hivyo.

"Otilia Berrocal?" akauliza.

"Ndimi. Angalia mguu wako. Ukiikanyaga sindano hiyo, sina nyingine."

Akatazama chini, akarudisha mguu nyuma polepole. "Samahani, bibi."

Hapo nikajua kazi ya kudai watu bado haijamkolea.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hajalisoma: miaka sita iliyopita nilimaliza kulipa kadi ya mkopo niliyoichukua ili ninunue cherehani kubwa ya kiwandani. Nilipanga foleni, nikalipa salio lote dirishani, nikapewa risiti. Tangu hapo benki ile imemezwa na benki nyingine, tawi letu la pale uwanjani limekuwa duka la dawa, na madaftari yake ya zamani yameuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni inayoitwa Tres Palmas. Tres Palmas wanasema sikulipa. Wameliingiza jina langu katika orodha ya wasiolipa, na ofisi ya nyumba haimpi nyumba mtu aliye katika orodha hiyo.

Nimekaa nyumba za kupanga kwa miaka ishirini na miwili. Nyumba niliyotengewa ina vyumba viwili, ua wa kuanikia nguo, na mlango unaofunguka barabarani, mahali pazuri pa kutundika kibao cha fundi cherehani. Karani wa ofisi hakunizungusha. "Niletee barua ya kutodaiwa," alisema, "au karatasi yoyote yenye muhuri wa benki na tarehe. Mwisho ni Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo nyumba inakwenda kwa anayefuata."

Risiti ninayo. Huo ndio msiba wenyewe. Ninayo, na haisomeki.

Sisi huku karatasi ya maana hatuiachi uchi. Cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo, hati ya kaburi, vyote vinapelekwa kwa Ovidio kando ya soko. Anavipitisha kwenye mashine yake ya moto, vinatoka vimevaa plastiki. Risiti yangu niliipeleka siku ile ile. Nyuma yake niliweka picha ya Bikira wa Karmeli, ile ya marehemu mama, mgongo kwa mgongo, ili ailinde. Ovidio akaipitisha.

Sikujua kwamba karatasi zile laini za mashine ya benki huandikwa kwa joto. Ukizipa joto zaidi, zinajiandika kila mahali. Ilitoka nyeusi kama kikaango. Upande mmoja giza tupu, upande wa pili Bikira anatabasamu.

Nami nilicheka. Nikasema deni limekwisha, nani atauliza? Sikurudi benki kuomba nakala. Hilo ndilo kosa langu katika hadithi hii, na silikwepi.

Turudi mlangoni.

"Wamenituma nisimame hapa mpaka ulipe," alisema yule mtu wa kofia. "Ukienda sokoni, nakufuata sokoni. Ukienda misa, nakufuata misa."

Watu wa namna yake huku tunawaita chepito. Zamani walikuwa wengi, wanamfuata mdaiwa mji mzima mpaka aibu imlipishe.

"Mahakama iliwapiga marufuku tangu nikiwa msichana," nikamwambia. "Wewe umetokea wapi?"

"Kabatini," akasema. "Koti ni la kampuni."

Ng'ambo ya barabara Yadira, ambaye ana saluni na ulimi, alikuwa ametoka nje na kitana mkononi, mteja wake nyuma yake na nusu ya kichwa imejaa rangi.

"Oti, unaolewa bila kunialika?"

"Bwana harusi kachelewa miaka thelathini," nikamjibu.

"Muulize kama ana kaka. Mrefu hivyo hivyo, lakini asiyelowa jasho."

Mtaa ukacheka. Nikamwona chepito naye akiuma mdomo wa chini asicheke. Nikachukua daftari langu la mistari, ninamoandika kila simu na kila barua ya Tres Palmas, nikaandika: Alhamisi, saa nne na dakika kumi, mtu wa koti la mkia mlangoni.

"Unaandika nini?"

"Nakuandika wewe. Unaitwa nani?"

Akasita. "Abundio Cárcamo."

"Vizuri. Sasa kila mmoja ana jina la mwenzake."

Simu ikalia. Alikuwa Dakta Pantoja wa Tres Palmas. Huku mtu yeyote mwenye tai na meza tunamwita Dakta, hata kama hajawahi kumpa mtu kidonge.

"Bi Otilia, mgeni wetu amefika?"

"Amefika. Nadhani hajala."

"Tusipotezeane muda. Yale makubaliano niliyokuletea juzi yapo hapa mbele yangu. Unalipa sehemu moja ya ishirini, leo. Unatia saini. Papo hapo nakupa barua, kesho unachukua nyumba yako. Kila mtu anafurahi."

"Sehemu ya ishirini ya kitu gani?"

"Ya deni."

"Dakta, kama nadaiwa, kwa nini unanisamehe sehemu kumi na tisa? Na kama sidaiwi, kwa nini nikupe hiyo moja?"

"Watu wenye akili wanalipa wanaendelea na maisha."

"Mimi ni fundi cherehani. Uzi ukikatika sikimbilii kununua uzi mwingine. Natafuta kwanza palipokatika."

"Bi Otilia..."

"Nimeisoma karatasi yako. Mstari wa kwanza unasema: mimi, Otilia Berrocal, ninakiri kudaiwa. Sikiri."

"Basi nyumba itakwenda."

"Itakwenda bila saini yangu."

Nikakata simu. Wasomaji wameniandikia kwamba nina moyo wa chuma, basi niseme kweli: bisibisi ilinitoka mkononi ikadumbukia ndani ya cherehani ya Yadira, nami nikaenda nyuma nikakaa juu ya pipa la maji.

Huko ndiko dada yangu Nurys alikonikuta. Nurys anauza carimañola kwenye kona ya hospitali, zile za muhogo zenye nyama ndani, na kila asubuhi hupita kuniachia mbili. Alikuwa amesikia yote kabla hajafika. Yadira ni gazeti la mchana.

"Lipa tu, Oti," akasema. "Pesa yenyewe ni bei ya jozi ya viatu."

"Si bei, Nurys. Ni neno lililoandikwa pale juu."

"Neno utalilalia? Neno lina bati?"

"Nikitia saini kwamba nadaiwa, zile sehemu kumi na tisa nazo zitarudi. Nimesoma. Deni lililokiriwa linaamka upya."

"Umesoma, umesoma. Baba naye alisoma kila karatasi mpaka akafa bila kiwanja." Akaniwekea carimañola magotini kwa nguvu kidogo. "Mtoto wa mama yangu atalala chini ya paa lake hata kama hataki."

Akaondoka na mkoba wake kwapani. Alipompita Abundio mlangoni alimpima kuanzia kofia hadi kiatu, akampa carimañola moja kati ya zile za kuuza.

"Kula. Ukianguka hapa watasema tumekuua."

Saa nane jua lilikuwa limehamia upande wetu wa barabara. Abundio alikuwa mwekundu, halafu akawa rangi ya nta. Nilipoona mkoba wa maandishi ya manjano unaanza kuyumba, nikamsogezea kiti kivulini na bilauri ya maji ya sukari guru na limau.

"Siruhusiwi kuketi," akasema, akiketi.

Kukasikika mlio ninaoujua vizuri kuliko sauti yangu. Mshono wa mgongo wa koti ulikuwa umefunguka kutoka kiunoni hadi mabegani.

Alifumba macho. "Wananikata mshahara."

"Livue."

Nikalishona pale pale, yeye amekaa na fulana tu, kofia magotini.

"Oti," Yadira akaita kutoka ng'ambo, "ndoa hii imekwenda mbio."

"Endelea na kichwa cha watu, kitaungua," nikamwambia.

Abundio alikunywa bilauri mbili kabla hajasema neno. Kisha akaanza, polepole, kama mtu anayehesabu noti. "Mimi nilikuwa keshia. Miaka kumi na mmoja, tawi la Corozal. Benki hiyo hiyo yako. Ilipomezwa walitutoa wote. Tres Palmas wakawachukua waliojua mambo ya kadi. Mimi nilikuwa mrefu, wakanipa koti."

Mtu akieleza alivyofika alipo, mimi humwacha afike.

"Hiyo risiti," akasema. "Ninaweza kuiona?"

Nilifikiri kwa mishono mitatu au minne. Kisha nikafungua droo nikampa.

Aliuangalia upande mweusi, akauinamisha kwenye mwanga huku na huku. Kisha akaigeuza, akakutana uso kwa uso na Bikira wa Karmeli. Akavua kofia ambayo hakuwa ameivaa, yaani mkono ulikwenda kichwani wenyewe.

"Nani alimweka hapa?"

"Mimi."

"Nyuma ya risiti kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Nyuma ni nyuma."

"Uliangalia?"

Nikaacha kushona.

Sikuwa nimeangalia. Siku ile nilisoma kiasi, nikasoma tarehe, nikasoma jina langu mara tatu, nikaikunja ndani ya kitambaa. Mimi ninayejisifu kwa kusoma kila kitu.

"Upande wa mbele unateleza," Abundio akasema. "Wino wa muhuri haushiki, unachafuka. Mtu akimaliza salio la mwisho, tulipiga muhuri nyuma. Muhuri, tarehe, na sahihi ya keshia kwa kalamu. Matawi yote yalifanya hivyo. Na nyuma haina ile dawa inayogeuka nyeusi, bibi. Joto linauchoma upande wa mbele tu."

Feni ilizunguka juu yetu. Mkokoteni wa matunda ukapita ukitangaza nanasi.

"Kwa nini unaniambia?" nikauliza.

Alifikiri kwa uaminifu, niliona. "Sijui," akasema. "Nilipiga muhuri huo kila siku kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kugeuza karatasi kuutazama."

Nikampa koti. Akalivaa, akavaa glavu, akarudi mlangoni na kushika mkoba wake.

"Mimi nipo hapa mpaka saa kumi na moja," akasema bila kugeuka. "Na sijasema kitu."

"Sijasikia kitu," nikamjibu. Nikafungua daftari nikaandika saa, na mbele ya saa nikaacha pengo.

Nikaisukuma pembeni cherehani ya Yadira. Nikapangusa meza kwa spiriti, nikatandaza karatasi nyeupe, nikatia wembe mpya kwenye mpini, nikaweka kibano upande wa kulia.

Plastiki ya Ovidio ni nene kama kucha. Hushika penye kingo, pale inapokutana na plastiki mwenzake. Katikati karatasi zinakaa tu, zimebanwa. Kwa hiyo kazi ilikuwa kukata kingo bila kugusa kilichomo. Nilipitisha wembe upande wa juu kando ya rula, mara moja kwa wepesi, mara ya pili kwa uzito. Ukaachia. Upande wa kushoto ulinichukua muda mrefu zaidi, maana pale Ovidio aliipitisha mara mbili. Upande wa chini ukaachia karibu saa kumi na moja, Abundio alipoinua kofia yake kuniaga akaondoka na mkia wake ulioshonwa vizuri.

Nikainua pembe ya risiti kwa kibano. Upana wa ukucha, si zaidi.

Kulikuwa na rangi ya zambarau.

Tao dogo, kama ukingo wa kikombe kilichoachwa mezani. Ukingo wa muhuri. Nilishusha kibano, nikaosha mikono, nikarudi, nikainua tena. Bado ulikuwapo.

Nikavuta kidogo, wepesi wa pumzi, na karatasi ikakataa. Nikaweka lenzi ninayoonea meno ya cherehani. Hapo nikaelewa. Moto wa Ovidio ulikuwa umeuyeyusha wino. Muhuri ulikuwa umeshika pande mbili: mgongo wa risiti, na mgongo wa Bikira wa mama. Nikivuta hovyo, nusu itabaki kwa benki na nusu itakwenda mbinguni. Na mvuke siwezi kuutumia. Joto ndilo lililotufikisha hapa.

Mwanga ulikuwa ukigeuka wa manjano. Kazi kama hiyo haifanywi hivyo. Nikaweka wembe chini.

Ndipo Nurys akaingia.

Alikuwa amenawa mafuta, amefunga nywele, amevaa blauzi yake ya Pasaka. Akaweka bahasha juu ya meza, karibu kabisa na Bikira, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kesho unachukua nyumba yako."

"Hii ni nini?"

"Barua ya kutodaiwa. Wameigonga muhuri na kila kitu."

Nikaifungua. Ilikuwa barua kweli. Ilisema Otilia Berrocal atahesabiwa hadaiwi mara atakapofika yeye mwenyewe, kesho kabla ya saa sita, kuthibitisha makubaliano yaliyoambatanishwa. Nikafunua ukurasa wa pili. Yalikuwa yale yale ya Dakta Pantoja. Mahali pa saini ya mdaiwa palikuwa patupu. Chini yake palikuwa na saini nyingine, ya herufi kubwa za mviringo ninazozijua tangu shule ya msingi.

Nurys Berrocal, mdhamini.

"Nilimwambia wewe ni mkaidi," akasema. "Akasema si kitu, ndugu anaweza kutia saini kwanza. Wamenikaribisha kahawa, yeye na katibu wake. Si mtu mbaya, Oti."

"Umelipa?"

"Nimelipa. Usiniulize kwa pesa gani."

Sikuuliza. Masikio yake hayakuwa na zile hereni za dhahabu.

"Ulisoma, dada?"

"Nilisoma penye bei."

Nikasoma penye mengine. Kifungu cha sita kilikuwa cha herufi ndogo, kilisema hivi: mdaiwa akilipinga deni hili mbele ya ofisi yoyote, mdhamini atalilipa lote kwa mkupuo, na vifaa vyake vya biashara vitashikwa. Nikamsomea kwa sauti, polepole, mara mbili.

Vifaa vyake vya biashara ni mkokoteni mmoja, jiko la gesi, na masufuria mawili. Vimelea watoto watatu.

Nurys alivuta kiti alichokikalia Abundio, akakaa. Nje Yadira alikuwa akiteremsha mlango wa saluni.

"Mbona hunifokei?" Nurys akauliza.

"Natafuta palipokatika."

Nilitafuta. Nikienda kesho kabla ya saa sita kusema ndiyo, nadaiwa, nyumba ni yangu, na sehemu kumi na tisa zitanifuata mlangoni penye kibao changu. Nikienda ofisi ya nyumba kusema sidaiwi, lazima niwe na muhuri mzima mkononi. Nusu ya muhuri haitamlinda mtu, na wao watakwenda kona ya hospitali kuchukua mkokoteni.

Nurys alikuwa ameiona plastiki.

"Unamkata Bikira wa mama?"

"Namtoa. Pande tatu zimekwisha."

"Na wa nne?"

"Wa nne ni kesho asubuhi, mwanga ukijaa juu ya meza hii. Wewe utamshika Bikira, mimi nitashika risiti. Tutavuta kidogo kidogo."

Nikaweka karatasi nyeupe juu ya plastiki, na juu ya karatasi nikaweka pasi, baridi, kwa uzito wake tu. Nikafunika cherehani ya Yadira kwa kitambaa, tumbo lake bado wazi, bisibisi yangu bado ndani. Nikazima feni.

"Na muhuri ukichanika?" Nurys akauliza.

"Ukichanika, bado sidaiwi."

Aliivuta ile bahasha kwake, akaifungua penye ukurasa wa pili, akaweka kidole juu ya jina lake.

"Wewe hudaiwi," akasema. "Mimi ndiye ninayedaiwa sasa."